Punda wa Osiri na Siku Niliyokukataza Kurudi

Boma la Punda,
Osiri, Migori.
Jumapili, 12 Julai 2020.

Mpendwa wifi yangu Rhobi,

Pokea salamu zangu nyingi, wewe na binti yako Boke na mtoto wake ambaye bado sijamwona. Hamjambo huko Mugumu? Mgongo wako bado unakusumbua ukiamka, au hewa ya huko imeutuliza? Na Boke, maziwa yanatoka ya kutosha? Mwambie anywe uji wa wimbi, asiuonee haya. Mimi ni mzima. Kikohozi nilichokuwa nacho mwezi wa nne kilikuwa cha vumbi la nyasi kavu tu, ingawa kwa wiki mbili nilikohoa nikiwa nimejifunika uso kwa leso ili watu wa barabarani wasinisikie.

Nimekupigia simu mara nyingi. Inaita, halafu inakatika. Sijui kama ni mtandao wa mpakani au ni wewe. Ndiyo maana nimeketi kuandika, jambo ambalo sijalifanya tangu siku zile marehemu kaka yako Mwikwabe alipokuwa akifanya kazi mbali nami, na mimi ni mke mpya nisiyejua hata kupika chakula chenu. Gichana, yule dereva wa lori la mabati, amepimwa akapewa cheti, na Jumanne anavuka kuja huko. Ameahidi kukukabidhi barua hii mkononi. Nakuomba uisome hadi mwisho kabla hujaitupa.

Nianze na wanyama, maana najua ndio ungewauliza kwanza.

Ulipovuka kwenda Tanzania mwezi wa pili kumwangalia Boke, tulikuwa na punda tisa, mbwa wanne na yule paka wa jicho moja. Jumanne zetu zilijaa watu. Unakumbuka wenye punda walivyokuja kutoka machimboni asubuhi, wakakaa kwenye magogo wakibishana habari za mpira, wewe unaosha vidonda vya migongo na mimi nakata kwato. Ulikuwa ukimgombeza mtu kwa kumpakia punda magunia matatu ya mawe badala ya mawili. Yeye anacheka, lakini wiki inayofuata anapakia mawili. Sikujua wakati ule kwamba nilikuwa naishi vizuri.

Mwisho wa mwezi wa tatu Kerosi, naibu wa chifu, alikuja na polisi wawili akasema kwa sababu ya corona hakuna tena mikusanyiko ya aina yoyote, iwe ya watu wa kanisa, ya matanga au ya punda. Nikafunga lango. Jumanne ya kwanza nilikaa bomani peke yangu nikisikia kwato zikipita barabarani, hakuna anayeingia. Ya pili vilevile. Jumanne ya tatu mtu alimfunga punda wake langoni akaenda zake bila hata kuita. Nilipomwinulia gunia la mgongoni, kidonda kilikuwa kimeshaingia funza. Nililia, Rhobi. Sikulilia kidonda peke yake. Nililia kwa sababu mkono wangu ulinyooka nyuma kukupokea chupa ya dawa, na hukuwapo.

Hapo nikaona kwamba kufunga hakutuokoi. Nilimwendea Kerosi nikamweleza kwamba punda akioza mgongo, mwenyewe naye hali chakula. Alisikiliza, akakubali kwa sharti moja: wenye punda wawili wasionekane wamesimama pamoja. Basi nilisimamisha nguzo nne nje ya ua, kila moja hatua kumi kutoka kwa nyingine, na kila mtu nikampa saa yake. Mtu anakuja, anafunga mnyama kwenye nguzo, ananawa kwenye mtungi niliouweka kando, anarudi nyuma hadi barabarani. Halafu natoka mimi. Nikimaliza naingia, yeye anakuja kumchukua punda wake. Maneno yote tunayasema kwa sauti kubwa kama watu walio kwenye milima miwili. Wale wenye punda wa vidonda vidogo niliwafundisha kwa simu kuosha kwa maji ya chumvi, ili wasije kabisa.

Jambo ambalo sikulitarajia ni kwamba punda waliogopa barakoa. Punda walionijua miaka mitatu walirudi nyuma hadi kamba ikakaza. Hawakuwa wakiona mdomo, walikuwa wakiona macho tu na kitambaa, kama mwizi. Nikajifunza kuongea kwanza nikiwa mbali, polepole, hadi masikio yao yalegee. Nilijaribu hata yale maneno yako ya Kikuria unayowaambia ukiwafunga. Walinitazama kama mgeni anayekosea jina la mwenyeji. Lakini siku za soko, wanawake wa Kikuria wakipita na vikapu vyao wakizungumza, punda wote wanageuza masikio kwa pamoja kuelekea barabarani. Kila wakigeuza, nami nageuka.

Mwezi wa nne wanunuzi wa dhahabu waliacha kuja, na mashine za kusaga mawe zikanyamaza moja baada ya nyingine. Kwa mara ya kwanza tangu tuhamie hapa nilisikia njiwa saa sita mchana. Vijana wa machimbo wakarudi kwao, Kisii, Siaya, Kuria, kila mtu na begi lake. Punda habebwi kwenye boda boda, basi wakawafungulia tu wakawaacha. Walikuwa wanazunguka sokoni wakila makaratasi na maganda. Wengine walikuja wenyewe hadi langoni petu, wakasimama. Sikuweza kuwafukuza. Kufikia katikati ya mwezi wa tano nilikuwa na punda thelathini na mmoja katika ua ambao wewe mwenyewe ulisema usizidi kumi na wawili. Nyasi ziliisha hadi mizizi. Nilikata mabua ya mahindi ya jirani, nikakata majani ya migomba, nikaomba pumba.

Truphena ndiye aliyenifungua akili, yule jirani yetu anayeuza chai pale njia panda. Alinikuta nimekaa chini nje ya stoo, na nadhani nilikuwa nalia tena. Akaniambia, "Wewe uko na punda thelathini wanakula bure, na sisi tunatafuta maji ya kunawa mikono. Sasa unalia nini?"

Ilikuwa kweli. Amri ilikuwa imetoka kwamba kila duka liwe na maji na sabuni mlangoni, na maji unajua yalivyo mbali. Basi wale punda waliopona vizuri tukaanza kuwatoa walelewe majumbani. Anayechukua anakubali mbele ya watu wawili kwamba hatampeleka machimboni, hatampakia zaidi ya mitungi minne, hatamchapa, na siku moja kwa wiki punda atapumzika. Anaonyesha kwanza mahali atakapolala. Kumi na wawili walibaki hapa Osiri na masoko ya karibu. Saba walikwenda upande wa Homa Bay, ambako Byron, daktari wetu wa mifugo, alizungumza na vikundi vya akina mama kwenye fuo za samaki. Ungeuona msururu ule asubuhi, Rhobi, punda waliokuwa wakibeba mawe sasa wanabeba maji, wanapita katikati ya soko na watu wanawapisha. Nilikuwa nikisimama njia panda kuwatazama, na kila mara nilijikuta nimeacha nafasi ya mtu mmoja kando yangu.

Byron mwenyewe hakuweza tena kuja kila mwezi kutoka Homa Bay, kwa maana kazini kwao safari zilipunguzwa. Tukaanza kutibu wanyama kwa picha. Truphena ana simu nzuri, anapiga picha ya kidonda au ya kinyesi, Byron anatazama huko aliko na kutuambia dawa. Siku moja alitaka kuona punda akitembea, kwa hiyo Truphena akawa anarudi kinyumenyume akimpiga video, hadi akakaa ndani ya beseni la maji. Simu aliiokoa kwa kuinyoosha juu. Byron alicheka kule hadi akashindwa kusema. Mimi nilicheka pia, halafu nikanyamaza, kwa sababu ningetaka kukusimulia jioni ile ile.

Mbwa nao walipata shida yao. Hoteli zilipofungwa, mabaki yaliisha, na mbwa wa soko wakaanza kukonda na kupigana. Tukawa tunapika ugali na vichwa vya omena, wale samaki wadogo wa ziwani, kwenye sufuria ile kubwa ya matanga, na kila asubuhi tunaweka vyakula sehemu sita mbalimbali ili wasikutane. Siku ya chanjo ya kichaa cha mbwa, ambayo kila mwaka tulikuwa tukiifanya chini ya ukuta wa shule, Byron alipata ruhusa ya siku moja akaifanya kando ya barabara. Watu walisimama mbalimbali kama walivyoambiwa. Mbwa hawakuambiwa. Walivuta kamba kwenda kunusana, na wenyewe wakavutwa nao, na polisi aliyekuja kusimamia akaishia kuwashika mbwa wawili mwenyewe.

Sasa nafika mahali pagumu.

Unamkumbuka mzee Omanga, yule asiye na mke, mwenye punda mweusi na mbwa anayeitwa Bosi. Machimbo yaliposimama alianza kwenda Homa Bay kununua omena. Wiki ya mwisho ya mwezi wa tano alizidiwa huko huko, akapelekwa hospitali, akapimwa, akakutwa na corona. Habari zilifika hapa kabla ya watu wa afya kuja kupulizia dawa chumba chake. Nilipofika nilikuta kundi la watu mbele ya kibanda chake, na mmoja ana kibuyu cha mafuta ya taa. Punda na Bosi walikuwa ndani, siku mbili bila maji.

Nilisema nimekuja kuwachukua. Mwenye mafuta ya taa hakuwa mtu mbaya, ni baba wa watoto wadogo. Akaniambia, "Mama, hiyo punda imelala na mgonjwa. Ikitoka hapa inatumaliza sisi wote."

Nilimpigia Byron mbele yao, akasema kwa sauti wote wasikie kwamba ugonjwa huu unatoka kwa mtu kwenda kwa mtu, na kwamba aliye na shaka awaoshe wanyama kwa sabuni. Hawakuamini, lakini walinipisha. Niliwaleta hadi langoni petu na hapo barabarani nikawaosha wote wawili, kuanzia masikio hadi mkia, bila kuvaa glavu, ili watu waone mikono yangu. Nikawafunga nyuma ya stoo, peke yao.

Kuanzia siku iliyofuata hakuna aliyekuja kwenye nguzo. Siku tisa. Mwenye maziwa alipita upande wa pili wa barabara. Truphena, hata Truphena, alinipungia mkono kutoka mbali na kuingia ndani kwake. Mtu alirusha jiwe likavunja bati la jikoni mchana kweupe.

Siku ya pili baada ya kumleta punda wa Omanga, Kerosi alikuja akasimama barabarani. Alisema, "Mama Jedidah, watu wanataka hii boma ifungwe. Mimi nimewazuia. Lakini mpaka umefungwa, na nikisikia mtu amepita porini kutoka ng'ambo na kuingia hapa, sitawazuia tena."

Alikuwa bado amesimama pale simu yako ilipoingia.

Ulikuwa unacheka. Uliniambia umepata mtu wa kukupitisha kwenye mashamba ya mahindi karibu na Isebania, kwamba mtoto ameanza kunenepa, Boke anajiweza, na Alhamisi utakula kwangu. Nami nikasema, "Usije, Rhobi. Ukija utatumaliza."

Halafu ukaniambia, "Mashimo ya nguzo za ua wa hilo boma niliyachimba mimi kwa mikono yangu." Ikakatika.

Nilikupigia baada ya Kerosi kuondoka. Nilikupigia kesho yake. Tangu siku ile sijaisikia sauti yako, na hii ni wiki ya sita.

Ningeweza kuishia hapo, nikasema kosa ni la Kerosi. Lakini umenijua tangu nikiwa msichana niliyeolewa kwenu, na sitaki kukudanganya kwa karatasi. Niliogopa boma kufungwa, ndiyo. Lakini niliogopa pia ugonjwa. Watu hapa walikuwa wanasema ng'ambo kumejaa, nami nikayaamini. Niliwaambia watu wa kibandani wasimwogope punda wa mgonjwa, na siku mbili baadaye nikakuogopa wewe mzima, uliyenishika mkono siku tuliyomzika Mwikwabe wakati ndugu zangu wa kuzaliwa walishachoka wakarudi makwao. Neno lile la kutumaliza nililitoa kwa yule mwenye mafuta ya taa, nikakutupia wewe. Nisamehe. Nimelibeba kila siku.

Kuna jambo jingine ambalo lazima ulisikie kutoka kwangu, usije ukalisikia kwa mtu. Chumvi hayupo hapa.

Najua ndiye punda uliyemlea kwa chupa baada ya mama yake kuanguka machimboni. Najua ulisema huyo hatoki. Lakini tangu uondoke alianza kusimama langoni kutwa nzima akitazama njia ya kusini, na nyasi nikimwekea anazinusa tu. Mwanzoni mwa mwezi wa sita mbavu zilikuwa zinahesabika. Byron alitazama picha zake akasema haumwi popote, anahitaji mtu wa kutembea naye, na mimi sikuwa na muda wa kutembea na punda mmoja. Nilikupigia nikuulize. Hukupokea. Basi nikampeleka Kisegi, kando ya ziwa, kwa pikapu, kwa Nyakerario, mjane tunayesali naye, ambaye anawapelekea maji akina mama wanaokausha omena. Kama nimekosa, nilaumu mimi, usimlaumu Nyakerario.

Anasema Chumvi hatembei ukimfuata nyuma. Lazima mtu atangulie, na lazima aongee. Kwa hiyo Nyakerario anatangulia na kumsimulia habari za marehemu mumewe, na ananiambia kwamba hajawahi kuzisema kwa mtu yeyote hadi mwisho.

Nilikwenda kumwona wiki iliyopita. Amejaa, ngozi inang'aa, kwato ni safi. Hakunijia. Alinitazama akaendelea kula. Nilikuwa nimevaa sweta lako la kijani, lile uliloliacha nyuma ya mlango; nalivaa siku nyingi, sikukuomba ruhusa. Nilipomkaribia aliacha kutafuna, akanusa mkono wa sweta, akausukumia pua hadi kwenye kiwiko na kubaki hivyo. Sikusogea. Nyakerario akageuka kutazama ziwa, kama aliyeitwa na mtu. Tulikaa hivyo mimi na Chumvi hadi mkono ukafa ganzi.

Sasa sikiliza habari njema, maana zipo.

Tarehe mosi mwezi huu, Jumatano, Omanga alirudi. Alishuka kwenye boda boda pale njia panda, amekonda, suruali imefungwa kwa kamba, ana karatasi ya hospitali ameishika mbele yake kama tiketi. Watu walitoka kwenye vibaraza wakasimama. Hakuna aliyemsalimu. Akatembea hadi kwetu, na alipofika kwenye nguzo akasimama kwenye ya kwanza, hatua kumi, kwa sababu mtu alishamweleza utaratibu. Hakuita. Kerosi naye alikuwa amefika, sijui nani alimwambia.

Bosi alikuwa amelala kivulini nyuma ya stoo. Aliinua kichwa, akasimama, akapita chini ya waya bila kungoja lango. Omanga alimnyooshea kiganja kumzuia. Nilimsikia akimwambia mbwa wake, "Kaa mbali." Mwezi mzima alikuwa ameishi na watu wanaokaa mbali naye, naye alishaona ndivyo inavyotakiwa. Bosi hakujali. Alimrukia kifuani, na yule mzee akakaa chini palepale kwenye vumbi, akamkumbatia shingo.

Halafu nikamwona Truphena anavuka. Alikuwa na kikombe cha uji. Hakukiweka chini akarudi nyuma kama tulivyokuwa tukifanya. Alimkabidhi mkononi, akavuta gogo akaketi karibu naye angojee kikombe chake. Baadaye nilimfungulia punda wake mweusi, na nikamuuliza Omanga alikuwa anawaza nini kule hospitalini.

Akajibu, "Kila siku nilikuwa nauliza nani anawapatia maji. Nesi akafikiri nauliza watoto."

Jumanne iliyofuata nguzo zote nne zilikuwa na punda. Yule mwenye mafuta ya taa alileta punda wake, akiwa wa pili kutoka mwisho, akanisaidia kurekebisha bati la jikoni.

Siku hiyo hiyo nilinawa, nikavaa nguo yangu ya kanisani, ingawa kanisani bado hatujarudi, nikaenda ofisini kwa Kerosi. Nilimwambia kwamba mtu aliyekuwa mgonjwa kweli amerudi na tumempa uji, na wifi yangu ambaye haumwi, mwenye kitambulisho cha hapa na mashimo aliyoyachimba mwenyewe, nimemfungia mlango. Nilimwambia siwezi kuendelea kutibu punda wa watu nikiwa nimefanya hivyo. Kerosi alizungusha kalamu muda mrefu. Alisema hatakubali njia za porini. Lakini mwenye kitambulisho akipita lango la Isebania anapimwa joto, anaandikwa, halafu anajitenga siku kumi na nne, na siku hizi wanakubali ajitenge nyumbani kama ana chumba chake na kuna anayemdhamini.

"Chumba kipo?" akaniuliza. Nikasema kitakuwepo. Akasema, "Basi nitaandika."

Barua yake iko ndani ya bahasha hii, na jina lako limeandikwa vizuri, nimelikagua. Usiikunje zaidi, wino wa muhuri unafutika.

Chumba ni stoo ya nyasi. Nimeitoa vitu vyote, nikaipaka chokaa, nikahamishia kitanda chako na lile godoro gumu unalolipenda. Choo cha pekee tumechimba upande wa nyuma, mimi na Truphena, na Omanga akatuletea mbao za mlango. Dirisha linatazama zizini. Chakula nitakuwekea mlangoni, halafu nitakaa kwenye kigoda hatua kumi, kila siku, siku zote kumi na nne. Unaweza kunigombeza kupitia dirisha kuanzia asubuhi mpaka jioni. Nitasikiliza yote. Nataka sana kugombezwa na wewe, Rhobi. Kimya cha boma hili kimenizeesha.

Kama Boke bado anakuhitaji, kaa naye hadi apate nguvu, sitakasirika. Pokea simu tu. Na kama bado una hasira, usingoje iishe ndipo uje. Njoo nayo.

Nisalimie Boke na mumewe, na umbusu mtoto paji la uso kwa niaba yangu. Mwambie ana bibi mwingine huku Osiri. Truphena anakusalimu, na anasema chai yake haijapata mtu wa kuilalamikia. Byron anakusalimu kutoka Homa Bay, Nyakerario kutoka Kisegi. Mzee Omanga hakusema salamu, alisema tu anataka kukuonyesha mgongo wa punda wake ulivyopona.

Gichana haruhusiwi kubeba abiria, kwa hiyo utapanda gari la kawaida hadi Sirari na kutembea hadi kizuizini. Mimi nitakuwa Isebania, upande wetu, Ijumaa ya tarehe ishirini na nne, kuanzia saa mbili asubuhi. Nitakaa hadi saa tisa, ili tufike nyumbani kabla Sabato haijaingia. Usipotokea Ijumaa hiyo nitarudi Ijumaa inayofuata, na ile nyingine baada yake. Truphena ameshakubali kuangalia nguzo siku za Ijumaa hadi utakapofika.

Mungu aliyekulinda ulipokwenda akulinde na unaporudi, awape nyote usingizi mzuri na afya, wewe, Boke na mtoto.

Ni mimi wifi yako, ninayekupenda na kukungojea,
Jedidah